Leteni Hapa Baadhi ya Samaki

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi mbele ya wanandoa wachanga wa ushirika wetu, hapa Nyegezi. Waliokosa kufika waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani.

Bwana Yesu asifiwe. Mwangaluka bhabha, mwangaluka mayu. Mchungaji, mama mchungaji, wazee wa kanisa, na ninyi wanangu ambao picha zenu za harusi bado hazijapata hata msumari wa kutundikiwa ukutani, nawashukuru kwa kuniita. Wabeja sana.

Nilipoletewa mada hii ya mapishi ya nyumbani na utoaji mwaminifu, ndugu mmoja wa kamati alishauri tuigawe. Akina mama wafundishwe jiko chini ya mwembe, akina baba wafundishwe zaka humu ndani. Nilimwomba asifanye hivyo. Nimekaa katika ndoa tangu mwaka 1994, na matatizo ya sadaka niliyoyaona nyumbani kwangu na kwa majirani zangu, karibu yote yalianzia kwenye hela ya mboga. Kwa hiyo leo mtakaa pamoja, mume na mke, benchi moja.

Fungueni Yohana 21. Wanafunzi saba wamekesha ziwani usiku kucha, hawakupata kitu. Kukipambazuka kuna mtu amesimama ufukweni. Anawaambia watupe jarife upande wa kuume, wanavua samaki wakubwa 153. Ninyi mliokulia hapa hamhitaji kuelezwa usiku wa namna ile. Nendeni soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba alfajiri, mtazame uso wa mvuvi aliyerudi na mtumbwi mtupu.

Ziwa lile la Tiberia ni dogo mbele ya letu. Urefu wake ni kama kilomita 21, wakati ziwa letu hili la Victoria eneo lake ni kama kilomita za mraba 68,000. Lakini mle nako kuna samaki wa jamii ya sato, tena anavuliwa na kuliwa mpaka leo. Mimi hufurahi kulijua hilo. Nikimparua sato magamba pale nyuma ya nyumba, najua ni kazi ambayo mikono ya Petro na nduguye iliifanya.

Sasa angalieni mstari wa 9. Waliposhuka pwani, "wakaona huko moto wa makaa, na juu yake pametiwa samaki, na mkate." Nani amewasha moto ule? Nani amemweka samaki juu ya makaa? Bwana mwenyewe. Amefufuka, ameshinda mauti, na kazi anayoifanya asubuhi hiyo ni kuwapikia watu waliochoka. Halafu mstari wa 10: "Leteni hapa baadhi ya samaki mliowavua sasa hivi." Samaki wake tayari wako motoni. Hakupungukiwa. Lakini anataka na wa kwao wawemo katika mlo ule, na anaomba baadhi, haombi mtumbwi mzima. Ndipo anasema, "Njoni mfungue kinywa."

Kwa miaka mingi nilifundishwa utoaji kwa Malaki sura ya 3 peke yake, na ilivyofundishwa nilisikia vitisho zaidi ya nilivyosikia upendo. Lakini hata Malaki, msomeni vizuri: "Leteni zaka kamili ghalani, ili kiwemo chakula katika nyumba yangu." Chakula! Na Kumbukumbu la Torati 14 inasema jambo ambalo sikuwahi kuhubiriwa nikiwa kijana. Mwisraeli aliambiwa aile zaka ya nafaka yake na divai yake na mafuta yake mbele za Bwana, afurahi yeye na nyumba yake. Kama safari ni ndefu, aiuze, afunge fedha mkononi, akifika anunue chakula ambacho roho yake inatamani. Na kila mwaka wa tatu zaka ile iwekwe malangoni, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wapate kula, washibe. Zaka ilikuwa na harufu ya sufuria tangu mwanzo. Tumeitia kwenye bahasha, si vibaya, ila harufu ile tusiipoteze.

Sasa niwaambie habari yangu.

Mimi ni Msukuma wa Magu, mume wangu ni Mkerewe. Tulipoanza maisha tulipanga chumba kimoja Mabatini. Nilikuwa najua kupika vya kwetu: michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ya kuchemsha na karanga za kutwanga, matobolwa ambavyo ni viazi vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, mlenda, ugali wa mahindi na maziwa mgando. Yeye amekulia ugali wa muhogo, ule mzito wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa, na samaki. Bila samaki kwake huo si mlo, ni kungojea mlo. Wiki za kwanza nilimwona anavyokula michembe yangu kwa adabu, nikaumia. Nikapanda meli ya Nansio, kule kisiwani Ukerewe, kwenda kwa mama mkwe kujifunza kusonga udaga. Nawaambia wake wachanga, na waume pia: chakula cha kwao mwenzio kijifunze. Hutakipika kama mama yake, na hakuna anayekudai hilo. Lakini siku anarudi amechoka akakuta ladha ya nyumbani kwao ndani ya chumba cha kupanga, umemwambia jambo ambalo maneno hayalifikii.

Mume wangu alikuwa karani, mshahara mdogo. Kila asubuhi aliacha hela ya mboga chini ya kopo la chumvi. Wakati ule kanisa letu lilikuwa linaezeka paa, na sisi akina mama tulichukua ahadi. Mimi nikaahidi mbele ya wenzangu kiasi ambacho sikuwa nacho. Sikumwambia. Wakati ule alikuwa anakuja ibadani, ila habari ya kutoa alikuwa mzito, nami niliogopa atakataa. Basi nikaanza kumega hela ya mboga. Kwa wiki tatu hivi nikampikia mchicha, na mchicha, na mchicha. Akiuliza samaki, nasema samaki amepanda bei.

Jioni moja akarudi kwa kupitia Kirumba. Alikuwa na sato wawili wametungwa kwenye kamba. Akawaweka juu ya meza, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Leo samaki ameshuka." Nilijua amejua. Nikawaparua, nikawakaanga, tukala kimya. Usiku akaniuliza, nikamwambia yote. Nilitegemea ukali. Akasema maneno mawili ambayo nimeishi nayo mpaka leo. La kwanza: "Kama uliona ni vyema kumpa Mungu, kwa nini uliona ni vibaya kuniambia?" La pili lilinichoma zaidi: "Ile ilikuwa na sehemu yangu. Umeitoa bila mimi."

Wanangu, sikilizeni hapo. Mimi nilidhani kosa langu ni uongo, na kweli ulikuwa uongo. Nilimdanganya mume wangu ili nimpe sadaka Mungu wa kweli. Lakini yeye alikuwa ananionyesha kosa la pili. Nilimnyima nafasi ya kutoa. Jasho lake liliingia katika paa lile bila moyo wake kuingia. Paa likaezekwa, mabati yakang'aa, na kila nilipoliangalia niliona mabati yangu ya kuiba.

Bwana Yesu aliligusa jambo hili katika Marko 7. Kulikuwa na watu wanaowaambia baba na mama zao kwamba kile ambacho kingewafaa ni Korbani, yaani wakfu, ni cha Mungu. Wakajiona watakatifu, na wazee wao wana njaa. Bwana alisema wanalitangua neno la Mungu. Na Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake wa nyumbani ameikana imani. Sasa mtu akiuliza kama sadaka inaweza kutolewa kwenye sahani ya mtoto bila Mungu kuhuzunika, mimi namwambia hapana. Nasema hivyo na mimi ni mtoa zaka, nimetoa fungu la kumi miaka yote hii na nitalitoa mpaka mnizike.

Akina baba msifikiri nawasema wake peke yao. Kwenu linakuja kwa mlango mwingine. Kuna changizo, kipaza sauti kinaita majina, kijana anasimama, anaahidi mifuko 10 ya saruji, watu wanapiga vigelegele. Mkewe amekaa upande wa akina mama na mtoto mgongoni, anahesabu kichwani unga uliobaki. Hakuulizwa. Anapiga makofi kwa sababu watu wanamtazama. Nimekaa na wanandoa wa namna hiyo sebuleni kwangu, na saruji ile ilikuwa imeleta ukuta kati yao kabla haijafika kanisani. Ukiwa na ndoa, usinyanyue mkono kabla hujamtazama mwenzako. Kama hamkuzungumza nyumbani, kaa chini. Mchungaji yupo hapa ananisikia, na ameitikia kwa kichwa.

Tulifanya nini sisi? Tulianza kikao. Jumapili ya mwisho wa mwezi jioni, kabla ya mshahara, daftari mezani, na mara nyingi karanga za kukaanga ili mikono iwe na kazi. Mstari wa kwanza fungu la kumi. Kama mapato ni laki 4, hapo ni elfu 40, inaandikwa kabla ya kitu kingine chochote. Mwanzoni yeye hakuwa tayari kwa yote, akasema tuanze na aliloliweza. Nilikubali, japo nilikuwa na haraka. Mtume anasema kila mtu atende alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Nikaona heri nusu inayotoka kwa watu wawili. Ilichukua miaka miwili hivi kufika kamili, na siku tulipofika, yeye ndiye aliyelisema. Baada ya hapo kodi, unga, mkaa, mafuta ya taa, nauli, na hela ya mboga ikaandikwa kwa wiki, wote tunaijua.

Wengi wenu hamna mshahara wa mwezi. Kuna boda, kuna wa saluni, kuna wanaouza dagaa. Nizungumze na hawa wa dagaa, maana nami niliwauza miaka mingi. Mtaji si mapato. Ukiuza gunia, rudisha kwanza mtaji, nauli na ushuru pembeni, na fungu la kumi lihesabu kwenye kilichobaki. Nimeona dada zangu wanatoa kwenye mauzo, mtaji unayeyuka, mwezi wa tatu hawana biashara wala sadaka.

Halafu jueni mwezi, namaanisha ule wa angani. Dagaa anavuliwa kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Anaifuata nuru kwenye giza. Mwezi ukiwa mpevu nuru imetapakaa kote, dagaa hakusanyiki, wavuvi wanapumzika siku kadhaa, na bei sokoni inapanda. Mwanamke wa Mwanza mwenye akili hununua sado yake, lile kopo la kupimia sokoni, ya dagaa wakavu siku za giza, akaihifadhi. Na mwenye kuuza asitoe ahadi kubwa kanisani siku za giza kana kwamba mbalamwezi haitarudi. Ahadi ipimwe kwa mwezi mzima, giza na mwanga wake.

Niseme kidogo juu ya kupika kwenyewe, kwa sababu pesa nyingi ya ndoa changa inapotelea hapo. Naona vijana wananunua chipsi jioni nne kwa wiki, halafu wanasema fungu la kumi ni zito. Dagaa wa ziwani si chakula cha shida. Nunua waliokaushwa juu ya chanja kama utawapata, waliokaushwa chini wana mchanga. Wapembue kwenye ungo, toa vichwa ukipenda, waoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili tatu mpaka maji yawe safi, wakauke, kisha uwakaange kwa moto wa wastani. Hapo ndipo unatia kitunguu na nyanya, na mwisho karanga zilizosagwa na ndimu. Mtoto anamla dagaa mzima na mifupa yake, ni chokaa ya mifupa yake mwenyewe. Maharage yalowekwe usiku, yanaiva upesi na mkaa unabaki. Sufuria iwe na mfuniko. Ni mambo madogo, ila sisi kwa mwaka mmoja wa kupika nyumbani tuliona kwenye daftari letu kile tulichodhani hatuna.

Na waume mpike. Najua tulivyolelewa huku Usukumani, mwanamume akionekana jikoni watu wanauliza mkewe amemlisha nini. Mimi nawarudisha Yohana 21. Aliyepuliza makaa ufukweni ni Bwana wa mbingu na nchi. Mume wangu alianza kupika nilipojifungua mtoto wetu wa pili. Alipika samaki wa kuchemsha na nyanya na bamia, akanipakulia, na jirani mmoja akacheka dirishani. Hakuacha. Wanangu wa kiume wote wanasonga ugali.

Sasa nifike kwa mama mkwe wangu, ambaye amekwisha kulala katika Bwana. Siku zile nilizokwenda Ukerewe kujifunza, nilimwona kila anapotaka kusonga, maji yakiwa yanachemka, anachota konzi moja ya unga kabla hajakorogea, anaitia kwenye chungu kidogo kilichokuwa kando ya mafiga. Kila mlo. Nilipomuuliza akasema ni ya Bwana. Kijijini kwao kulikuwa na wajane ambao waume zao walichukuliwa na ziwa, na chungu kikijaa unga ule ulikwenda kwao, pamoja na samaki aliyepatikana. Nikamwambia, kwa nini usipime mara moja mwisho wa mwezi? Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto, akasema, "Unga ukishakuwa ugali, haurudi kuwa unga."

Baadaye sana nilisoma kwamba Wakristo wa Mizoram, kule kaskazini mashariki ya India, wanafanya vivyo hivyo kwa mchele. Kila wanapopika wanatenga konzi moja kwa kazi ya kanisa, nao wameanza tangu karibu mwaka 1910. Nikalia kidogo. Mama yule hakuwahi kutoka nje ya ziwa hili.

Sisi tumeendelea nayo. Nilipima wakati fulani: kwa milo miwili kwa siku, konzi zangu 60 za mwezi zinajaza sado moja na ziada. Haiondoi fungu la kumi, ni kitu kingine. Fungu la kumi tunalitoa kwenye bahasha, konzi hii inatoka jikoni, na watoto wanaiona. Mwanangu wa mwisho akiwa na miaka minne alikuwa anapiga kelele maji yakichemka, "Mama, ya Bwana!" Kuna mwezi tuliupeleka unga ule kwa bibi wa jirani, kuna Jumapili za mavuno tuliupeleka kanisani ukauzwa kwenye mnada nje baada ya ibada, pamoja na mayai na majogoo na mikungu ya ndizi. Naupenda mnada ule. Unaona nyumba za watu zimekuja kanisani na sufuria zao.

Mtaniuliza habari ya mjane wa Sarepta, maana wengi wameitumia vibaya. Alikuwa na konzi ya unga katika pipa na mafuta kidogo katika chupa, na Eliya akamwambia amfanyie yeye kwanza mkate mdogo. Ni kweli, imeandikwa. Lakini endeleeni kusoma: wakala siku nyingi, mwanamke, na Eliya, na nyumba yake. Nabii aliketi akala unga uleule, katika nyumba ileile, na mtoto yule. Mtu akikuomba konzi yako ya mwisho halafu hataki kujua mtoto wako amelala amekula nini, usimfananishe na Eliya. Na msikope ili mtoe. Mkiwa hamna, semeni hamna. Mwenye kanisa anawajua.

Swali la mwisho nililoletewa kwenye karatasi, halina jina: mume wangu haokoki, je, nitoe kwa siri? Dada, nimekwisha kukujibu kwa habari ya wale sato wawili. Una cha kwako unachokipata kwa mikono yako, mwambie kwamba utakitolea fungu la kumi, mwambie mezani, akiwa ameshiba. Kilicho cha wote wawili msubiri. Na ile konzi ya unga mwombe ruhusa. Sijawahi kuona mume aliyekataa konzi ya unga.

Nimepitiliza muda, mzee wa kanisa ananionyesha saa. Nyuma ya jengo kuna michembe, kuna ugali wa namna mbili, wa mahindi na wa udaga, na sato ambao vijana wamewafuata Mwaloni leo alfajiri. Tumekubaliana na kamati kwamba wake wataketi. Waume, majiko yako pale chini ya mwembe, makaa yamekwisha kushika, na kando ya unga kuna ndoo ndogo tupu ya bluu. Kila atakayesonga aanze na hiyo.